Injini ya shepa ya mkono ni makali ya kisu

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi mbele ya mafundi wenzangu, uwanjani kwa karakana yetu hapa Nyakato, Mwanza. Wengine mlikuwa visiwani kwenye injini za mitumbwi, wengine mlikuwa na wateja, na mmenipigia simu mkitaka kujua kilichosemwa. Nimeyaandika yote. Pale nilipoonyesha kwa mkono nimeongeza maneno machache ili uone kama waliokuwepo walivyoona.

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, vijana mnaojifunza kazi, habari za mchana. Asanteni kwa kuja juani hivi.

Mashine hii iliyo mezani mnaijua: shepa ya mkono, ya kukwangua chuma. Wenzo mmoja wa kuvuta na kusukuma. Kichwa kinachoteleza mbele na nyuma. Meza inayosogea pembeni kwa skurubu. Na kisu kimoja. Haina mota, haina mkanda. Umeme ukikatika na lezi zote za mtaa huu, zile mashine zinazozungusha chuma kikikatwa, zikanyamaza, shepa ya mkono inaendelea kukata.

Sasa niulize. Nguvu inatoka wapi? Kwenye mkono wako, sivyo? Basi tuipime hiyo nguvu. Mtu mzima mwenye afya, akifanya kazi ya kutwa, anatoa kama wati 75. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746. Wewe ni sehemu moja ya kumi ya farasi, ndugu yangu, hata ule ugali na sangara kiasi gani. Mkono wako wa leo na wa kesho ni uleule. Uzito wa mashine ni uleule. Kitu kimoja tu kwenye mashine hii unaweza kukibadilisha leo kabla jua halijazama, nacho ni makali ya kisu. Wazee walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Misuli hawakuitaja.

Kwa hiyo nikisema injini ya mashine hii ni makali, naomba mlichukue hilo kama lilivyo. Injini ni makali.

Nianze na kisu cha kuchagua, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea mimi mwenyewe nikiwa kijana. Alikuja mzee kutoka Ukerewe na puli ya mashine ya kusaga pamoja na shafti yake. Alitaka mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachoishika puli isizunguke peke yake juu ya shafti, na alitaka kuwahi meli ya kurudi. Siku hiyo hapakuwa na umeme. Nikasema hakuna tabu, shepa ipo. Nilikuwa nimepewa na fundi wa lezi kipande cha kabaidi, kitu kigumu sana cha kukatia chuma, kimechomelewa kwenye mpini wake, kinang'aa. Nikajiambia, chuma kigumu kuliko vyote ndicho kitakachokata kuliko vyote. Nikakifunga, nikavuta. Mara ya kwanza kilikwaruza. Mara ya pili kikalia. Mara ya tatu nikasikia "tik!", na pembe ya kisu ikabaki ndani ya shafti ya mzee wa watu. Kile kipunje cha kabaidi kilikwama mle kwenye mfereji, na kila tupa niliyopeleka iliteleza juu yake. Mzee aliikosa meli. Alilala mjini kwa gharama yake, na asubuhi hakunilaumu, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Kwa nini kilivunjika? Kabaidi imetengenezwa kuvumilia moto. Kwenye lezi ya umeme inakata chuma kwa mwendo wa mita 100 na zaidi kwa dakika, na hapo ndipo inapolipa gharama yake. Sisi hapa tunavuta kwa mwendo gani? Mita 6, 8, labda 10 kwa dakika ukiwa bado hujachoka. Kisu hakipati hata joto la chai. Umenunua uvumilivu wa moto mahali pasipo na moto. Tena kabaidi haipendi kugongwa, na shepa inagonga: kila mvuto, kisu kinaanza upya kwa kuupiga ukingo wa chuma. Ukihesabu mivuto 30 kwa dakika, hayo ni mapigo 30.

Mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alichukua tupa kuukuu iliyokatika, akainoa akaniletea. Akasema, "Vuta." Nikavuta, na ganda likatoka limejikunja kama utepe.

Tupa, ndugu zangu! Chuma cha kaboni cha kawaida! Mashine ya shepa ilibuniwa Uingereza na James Nasmyth mwaka 1836. Chuma cha haispidi, kinachobaki kigumu hata kikipata moto, kilikuja na Taylor na White kwenye kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Marekani, karne ya kumi na tisa ikiisha; watu wakakishangaa kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900. Katikati hapo ni miaka sitini na kitu. Sehemu kubwa ya muda huo mashine nyingi za aina hii zilikata kwa chuma cha kaboni, ndugu wa tupa yako.

Basi ushauri wangu ni huu. Ukipata kijiti cha haispidi, kitumie; kinashika makali muda mrefu na hakiharibiki ukikipasha joto kidogo kwenye grenda. Usipokipata, chukua tupa kuukuu. Ila ujue kwamba tupa nyingi za bei rahisi zina ugumu wa ganda tu, ndani ni laini. Saga meno yote upande mmoja ufike kwenye moyo wa chuma, kisha ipitishie tupa nzuri. Ikiteleza kama juu ya kioo, hiyo ni ngumu hadi ndani, ni mali. Tupa nzuri ikiuma, achana nayo. Na tupa ngumu huvunjika kama sahani, kwa hiyo ilainishe kidogo kwa kuipasha taratibu hadi sehemu uliyosugua ikageuka rangi ya majani makavu ya mpunga, digrii 230 hivi, halafu iache ipoe. Kabaidi waachieni wenye umeme.

Sasa pembe. Hapa nitakaa, naomba mnivumilie.

Nani hapa amewahi kwenda Mwaloni pale Kirumba akaangalia akina mama wanavyopasua sangara? Siongelei kwenda kununua. Kuangalia. Mimi nilisimama nyuma ya mama mmoja karibu saa nzima. Kila baada ya samaki wachache anainua kisu, anakigeuza makali yatazame jua, anaangalia. Kisha anakipitisha kwenye jiwe mara mbili tatu, anaangalia tena, anaendelea. Nikamuuliza, mama, unaangalia nini? Akasema, "Naangalia mstari mweupe. Ukiuona, kisu kimelala."

Mmesikia? Makali halisi hayaonekani. Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana na kuisha, hapana upana wa kurudisha mwanga. Yakifa yanakuwa na upana mdogo, na ule upana ndio unaong'aa kama uzi mweupe. Mama yule hana venia, kile kipimo chetu cha mafundi, wala darubini, na hakosei. Sisi tunaojiita mafundi tunavuta wenzo hadi mabega yanauma, kisu kimelala tangu asubuhi, na hakuna aliyekigeuza juani akatazama.

Lakini kisu cha samaki ni chembamba, na chetu kikiwa chembamba vile kitakatika. Kwa hiyo tunahitaji pembe mbili. Ya kwanza naiita pembe ya kupisha: uso ulio chini ya makali uinamie ndani kidogo, upishe chuma, usisugue. Ya pili ni mteremko: uso wa juu ambao ganda linaupanda, ushuke kutoka kwenye makali.

Nianze na ya kupisha. Lezi inasogeza kisu pembeni wakati chuma kinazunguka, kisu kinafuata njia ya mzunguko, kwa hiyo wenzetu wa lezi wanainamisha digrii 8, 10, hata zaidi. Shepa je? Meza inasogea wakati kisu kinarudi. Wakati wa kukata, kisu kinaenda moja kwa moja, hakisogei pembeni hata unywele. Basi kinahitaji kupishwa kidogo tu: digrii 3 hadi 5 mbele, na pembeni vivyo hivyo. Si zaidi. Niliwahi kuazima kisu cha lezi chenye kama digrii 12, nikakiweka humu kwa uvivu wa kunoa. Kilizama kwenye chuma ghafla, wenzo ukanigonga kifuani, na makali yakamomonyoka, kwa sababu nyuma yake hapakuwa na nyama ya kuyashikilia. Ukitoa sana chini ya makali, unakata tawi ulilokalia.

Utapimaje digrii 5 bila kipimo? Vijana, andikeni hii. Chukua kijiti chenye kimo cha milimita 12. Kikiwa kimeingia ndani milimita 1 kutoka makali hadi chini, hapo una karibu digrii 5. Milimita 1 kwa 12, basi. Kata kipande cha bati la mkebe kwa pembe hiyo, kitundike ukutani kwenye msumari, na kila unaponoa kilinganishe na kisu ukitazama mwanga unaopita katikati.

Mteremko unafuata chuma unachokata. Chuma laini cha shafti: digrii 15 hadi 20. Chuma cha kasti, kile cha bloku za injini kinachotoka chenga chenga: 5 hadi 10. Alumini: 30, na upake mafuta ya taa lisigande kwenye kisu. Brasi, ile shaba ya njano ya bushi: sifuri. Bapa kabisa. Ukiipa brasi mteremko, inakivuta kisu chenyewe kama mtumbwi unaonaswa na mkondo. Na kwa chuma cha shafti ninaushusha mteremko zaidi upande wa pembeni kuliko mbele, ili kila mvuto unapoanza, chuma kikutane kwanza na sehemu nene ya makali, ncha ije baadaye. Ncha ndiyo dhaifu. Msiiache ipokee pigo la kwanza.

Mnanielewa mpaka hapo? Haya.

Sasa upana, na hapa tufanye hesabu ndogo. Kung'oa ganda la chuma laini ambalo kina chake mara msogeo wa meza ni milimita mraba 1 kunataka msukumo wa kilo 200 hivi, na ganda likiwa jembamba sana, hesabu inapanda. Ukikata kina cha milimita 1 na meza ikasogea robo milimita, hiyo ni robo ya milimita mraba: kilo 50. Utavuta mara ngapi kabla hujakaa chini? Kata kina cha nusu milimita, meza isogee sehemu moja ya kumi ya milimita. Sasa unavuta kilo 10, tuseme 15. Hiyo unaweza kuvuta huku unaongea na mteja.

Rudini kwenye shafti ya yule mzee wa Ukerewe. Shafti ya milimita 25 inataka kii ya upana wa milimita 8, na mfereji wa kina cha milimita 4. Kijana asiyejua ananoa kisu cha upana wa milimita 8, kwa sababu mfereji ni wa 8. Akichukua unyoya tu wa milimita 0.05, tayari anasukuma zaidi ya kilo 80, na kisu kinatetemeka, kinapiga kelele, kinaacha mawimbi. Mzee wangu alinoa cha milimita 3. Akakata katikati, akakata kulia, akakata kushoto, mivuto mingi lakini myepesi. Mwisho kabisa akapitisha kisu cha 8 kunyoosha kuta tu. Na kile kisu cha mfereji, upana wake mkubwa uwe kwenye makali. Kuelekea juu na kuelekea nyuma kipungue digrii moja au mbili kila upande, kisijibane ndani. Tena kabla ya kuanza, toboa kwa drili tundu pale mfereji unapoishia, pana kidogo na lenye kina kidogo zaidi, ili kisu kipate pa kutokea na ganda likatike. Bila tundu hilo kisu kinagota ukutani kila mvuto.

Ni hivyo hivyo kwa ncha ya kawaida ya kukwangua. Iviringe kidogo tu, milimita 1 hivi. Ncha pana ya mviringo inapendeza macho lakini inaugusa ukingo mrefu wa chuma, na mashine nyepesi hii inatetemeka. Kwa kumalizia chuma cha shafti, noa makali yaliyolala upande kama panga linavyopitishwa kwenye muwa, yawe na tumbo dogo sana, chukua milimita 0.05 na mafuta kwa brashi. Uso utatoka unang'aa. Kwa kasti, fanya kazi kavu, na mvuto wa kwanza uingie chini kabisa ya lile ganda jeusi la mchanga. Ukilisugua juu juu linamaliza kisu kabla hujaanza.

Kunoa kwenyewe. Kabla sijasema lolote: miwani. Rafiki yangu wa ujana ana jicho moja leo kwa sababu ya chenga ya grenda iliyoruka dakika moja tu aliyosema "nanoa mara moja". Nikimwona akigeuza kichwa kizima ili amwone mtoto wake, naumia. Miwani, kila mara. Glavu vua, zinavutwa. Na kile kipumzisho cha mbele ya jiwe kisiachane na jiwe zaidi ya milimita 3.

Haya, shika kijiti. Anza na uso wa mbele, kisha pembeni, mteremko wa juu uje mwisho. Gusa jiwe kwa mwendo wa kwenda na kurudi, usikae mahali pamoja ukachimba shimo. Kama ni tupa, chovya majini kila sekunde chache, kabla vidole havijalalamika. Ukiona rangi ya bluu kwenye ncha, joto limefika digrii 300 na ugumu umeondoka. Rangi ikifutika haurudi, lazima usage taratibu upite sehemu ile yote. Haispidi ni kinyume kidogo: inavumilia joto, lakini ikiwa imewaka usiitumbukize ghafla majini, inapata nyufa usizoziona. Iache ipoe hewani.

Na asiye na umeme je? Yule mnoa visu wa baiskeli anayepita Mabatini na Igogo, mmewahi kumwangalia vizuri? Anakanyaga pedeli, jiwe linazunguka polepole, halichomi. Kwa kisu cha tupa, jiwe lile ni bora kuliko grenda yangu. Nimempelekea vijiti vyangu mara nyingi. Siku ya kwanza alishangaa, siku ya tatu alikuwa ananiuliza yeye, "Fundi, hiki ni cha brasi au cha chuma?"

Baada ya jiwe la kuzunguka, usikifunge bado. Jiwe limeacha mikwaruzo, na makali ni msumeno mdogo unaovunjika haraka. Chukua jiwe la mafuta, laza uso wa kupisha, sugua mara ishirini, geuza, sugua juu. Kisha fanya kama yule mama wa Mwaloni: kipeleke juani. Hakuna uzi mweupe? Kiguse kwenye ukucha. Kikinyoa bila kuteleza, kifunge.

Na ukikifunga, kifupishe. Kisu kilichoning'inia sana ni fimbo ya kuvulia samaki. Kikipinda huku ncha imetangulia mbele, kinazama ndani ya chuma. Ndiyo maana kwa kazi ya kumalizia mzee wangu alipenda kisu cha shingo ya bata, ambacho ncha yake imerudishwa nyuma ya mpini. Kikilemewa kinapinda kutoka nje, kinajiokoa. Tazameni pia kile kibao chenye bawaba kinachokiinua kisu wakati wa kurudi. Kisafisheni, kitieni tone la mafuta, kicheze bila kulegea. Ukikata ukuta wa wima, inamisha kibao, juu yake iende mbali na ukuta, ili kisu kikirudi kijitenge nao. La sivyo makali uliyoyanoa nusu saa yanaburutwa na kufa wakati wa kurudi, ambapo hakuna hata kazi inayofanyika.

Nimesema mengi na jua linapanda. Pale chini ya mwembe kuna ndoo ya maji, jiwe la mafuta, vipande vya bati na tupa kuukuu kumi na mbili nilizokusanya. Kwenye jiliwa nimefunga kipande cha shafti ya milimita 25. Dada yangu wa mbele hapo, uliyekuwa unaandika tangu nianze, njoo uwe wa kwanza. Chukua miwani kwanza. Milimita 1 kwa 12.